Jiwe Lililo Jikoni kwa Mama Evanthia

Risala ya akina mama wa Kato Lithari, Krete

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, Mwenyekiti wa kijiji, Padri Nektarios, wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

KARIBU KWETU

Karibu sana. Tunajua barabara imekutikisa, na sisi imetutikisa miaka yote. Raki iliyo mbele yako, pombe yetu kali ya zabibu, ni ya nyumbani. Ukiikataa hatutakasirika, ila tutakusema. Anayesoma ni mimi Argyro, katibu wa chama, lakini maneno haya ni yetu sote kumi na saba, na tumeyagombania wiki nzima.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, kijiji hiki kimejengwa kwa mawe ya mji wa kale uliokuwa hapa kilimani. Babu zetu walipotaka ukuta hawakujisumbua: walibeba jiwe lililokwisha kuchongwa. Ndiyo maana sheria ya kale ya kugawana maji, iliyochongwa kwenye jiwe, iko ukutani jikoni kwa Mama Evanthia, juu kidogo ya beseni la vyombo.

Nasi kila Wiki Takatifu hupaka kuta zote chokaa, Pasaka itukute weupe. Miaka sita iliyopita Daktari Melpo Vardaki wa chuo kikuu, msomi wa maandishi ya kale, alisikia habari za herufi hizo, akaandika kwamba atafika Alhamisi. Basi kwa heshima yake, Jumatano tukaupaka ukuta ule mara tatu. Alipoingia alishika kichwa.

"Mama, herufi ziko wapi?"

"Ziko chini, mwanangu. Ulitaka uzikute chafu?"

"Nilitaka nizikute!"

"Keti ule kwanza. Zimekaa hapo miaka elfu mbili na mia tano, zitakimbilia wapi mchana huu?"

Tulitahayari, hatufichi. Lakini chokaa ilipolainishwa kwa maji na kubanduliwa tabaka baada ya tabaka, herufi zilitoka kali kama zimechongwa juzi. Chokaa yetu ilikuwa imezilinda; mawe yaliyoachwa wazi uwanjani yamekwisha kuliwa na mvua. Daktari alilia pale pale, na sisi tukalia naye.

TULIYOYAFANYA

Tangu siku hiyo tumekagua kila zizi, kila tanuri na kila ngazi. Tumepata mawe arobaini na moja yenye maandishi. Daktari alitufundisha kuyanakili: unalowesha karatasi nzito, unaibandika jiweni, unaipigapiga kwa brashi mpaka iingie katika kila herufi, na ikikauka unaibandua na maandishi yake yote. Mikono iliyozoea kukanda unga haikuona kazi.

Kusoma ndiko kulikotutoa jasho. Mstari wa kwanza unakwenda kulia, wa pili unarudi kushoto, na herufi zake zimegeuka. Tukasema mchongaji alikuwa mlevi. Mama Evanthia, aliyelima kwa ng'ombe wa baba yake, akatucheka.

"Anageuka kama ng'ombe mwisho wa shamba, nyie! Mmeshaona ng'ombe anarukia mwanzo wa shamba ndipo alime tena?"

Leo vijana wanaosomea mwanzo wa ustaarabu wa Magharibi wanatufuata kutoka mbali. Wengi wamesoma kitabu kilichonukuu kitabu kilichonukuu kitabu kingine. Kwetu wanaweka kidole kwenye chanzo chenyewe. Mwaka jana binti mmoja aliona neno ambalo hata Daktari wetu alilisoma vibaya. Daktari akatazama, akalifuta katika daftari lake mbele yetu. Tulimpenda zaidi siku hiyo.

KINACHOTUSUMBUA

Mheshimiwa, tumepokea barua ya serikali. Jumatatu ijayo jiwe la Mama Evanthia litakatwa na kupelekwa ghalani mjini, kwa usalama wake. Mashine imekwisha kufika. Iko nyuma ya kanisa, imefunikwa turubai, kana kwamba sisi hatufunui vitu.

Jiwe hilo limebeba boriti ya paa. Mama Evanthia ana miaka themanini na minne. Amemuuliza fundi wa mashine hiyo, "Ukilitoa, mimi nalala wapi?" Fundi amejibu kwamba hilo halikuandikwa katika kazi aliyopewa.

Na tunaogopa, tuseme wazi. Miaka kumi na tisa iliyopita jiwe jingine lilichukuliwa kanisani kwa ahadi hiyo hiyo ya usalama. Daktari Melpo aliomba kulisoma, akasubiri miaka miwili, akajibiwa kwamba sanduku lake halionekani. Jiwe lisiloonekana halimfundishi mtu.

TUNACHOOMBA

Tunajua jiwe ni mali ya taifa, si la Mama Evanthia wala la chama. Hatuombi kulimiliki. Tunaomba jambo moja: sahihi yako ya kusimamisha ukataji, ili jiwe lisomwe pale lilipo. Kulilinda tutalilinda sisi, na mlango wa jiko utakuwa wazi kwa kila msomaji, kama ulivyokuwa. Mstari wa mwisho wa sheria yenyewe unaagiza jiwe liwekwe mahali ambapo kila atakaye ataweza kulisoma. Tumeusoma wenyewe, kwenda na kurudi.

Kama sahihi haitapatikana, hatutaki ushangae Jumatatu. Tumepanga zamu. Kuanzia saa moja asubuhi tutakuwa tumekaa jikoni, migongo ukutani, watano watano, mpaka jioni. Mama Evanthia tulimwomba apumzike. Amejiandika zamu zote. Jiko ni dogo, linaenea viti sita. Cha sita tumekuwekea wewe.

Mungu akupe afya njema, na magoti ya kukushusha kilima salama, na mkono mwepesi wa kuandika.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kato Lithari