Karai la Pancha

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na kila makalio yana pahali pake. Pembeni, karibu na karai la maji, hukaa Pancha, fundi matairi, ili akisikia gari linalalamika aruke. Leo pembeni hapo pako wazi na hakuna aliyethubutu kusogea. Kibanda chake kimefungwa. Bintiye wa darasa la kwanza, yule anayeandika majina yetu kwa chaki kwenye matairi mabovu na kutukosea wote, amelazwa tangu jana jioni. Dengue. Bi Kahawa alitumiminia bila hata utani wake wa kila siku, na tukakaa tunapuliza vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapoa.

Redio, fundi simu, ndiye aliyeanza. Kimya humuwasha.

Redio: Kosa ni la mbu. Mbu wa siku hizi hang'ati usiku kama mbu mwenye adabu. Anang'ata mchana kweupe, mtu uko kazini!

Pindo, fundi cherehani, hakuinua kichwa.

Pindo: Mbu tumwache. Vipimo vya kwanza vilisemaje?

Mzee Kanuni, aliyestaafu ukarani wa mahakama, akakohoa kama anayefungua kesi.

Kanuni: Chembe za kugandisha damu zimeshuka. Sasa mimi nauliza, si ni mtoto yule? Mwili mdogo, chembe chache. Huwezi kumdai mtoto chembe za mtu mzima.

Redio: Na chembe na chembe mkate huwa!

Pindo: Hiyo ni ya mkate.

Redio: Imetaja chembe au haikutaja?

Kanuni: Tena ile mashine yao. Mashine ikishazoea kupunguza, inapunguza tu. Aliyepimwa asubuhi anamwambukiza hesabu wa mchana.

Redio: Halafu leo wanachota damu, kesho wanachota, kesho kutwa wanashangaa imepungua! Mtungi gani huo?

Pindo: Ndiyo hayo uliyomwambia Pancha jana asubuhi.

Redio: Nilimwambia mimi peke yangu?

Hapo pakawa pagumu. Jana Pancha alipita hapa na mtoto mgongoni, uso unang'aa. Homa imeshuka, jamani, ameomba mkate! Alikuwa anampeleka kupimwa tena, maana nesi alimsisitizia: hata homa ikishuka mrudishe, ikishuka ndiyo zaidi, tuone chembe zimefikia wapi na kama damu inazidi kuwa nzito. Mtoto kusikia sindano akamng'ang'ania baba shingo. Basi sisi mabingwa wa benchi tukatoa ushauri, kila mtu wake, na bure.

Kanuni: Mimi nilisema tu haraka haraka haina baraka.

Pindo: Mtu anakwenda hospitali, Mzee!

Kanuni: Na wewe ulisema nini?

Pindo alitazama vidole vyake.

Pindo: Nilisema tairi likishashika upepo, hulifungui tena kutafuta pancha.

Redio: Hilo ndilo lililomwingia. Ya kwangu aliyacheka tu. Hilo la kifundi ndilo lililomgeuza njia.

Pindo: Najua. Tangu asubuhi sijapitisha uzi hata mmoja.

Mchana wake tumbo likamkamata mtoto, mikono na miguu baridi, usingizi haumwachi. Homa hakuna kabisa. Laiti tungekuwa mabubu jana.

Redio: Lakini huenda mpimaji asingekuwepo. Huenda umeme ungekatika. Huenda hiyo damu yenyewe ingeogopa mashine ika...

Bi Kahawa: Redio, jizime.

Ndipo mama mtoto akatokea, mfuko wa nguo safi mkononi, anarudi wodini. Tulisimama wote, benchi likainama upande wa tofali.

— Shikamoo, Mzee.

Kanuni: Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu anaendeleaje?

— Wamemtundikia maji. Wanampima damu kila mara. Daktari anasema laiti angeletwa asubuhi, wangeona mapema na maji yangeanza mapema. Sasa wanasema tusubiri.

Redio: Na baba yake?

— Hatoki kitandani pa mtoto. Daktari alimuuliza kwa nini hakumrudisha. Amejibu alisahau.

Akaligeukia karai. Maji yalikuwa yametulia, vumbi limetanda juu.

— Shemeji zangu, yule mume wangu, namjua. Hajawahi kumrudishia mtu tairi bila kulizamisha humu, hata liwe gumu kama jiwe. Anasema jicho halioni tundu dogo, maji ndiyo yanaliona. Leo mtu huyo asahau kumpima mwanawe? Jana nilimfunga mtoto mgongoni kwake kwa mikono yangu, na njia ya hospitali inapita hapa. Akarudi nyumbani mapema, akaniambia wamesema hakuna haja.

Hakuwa amepandisha sauti. Bora angepandisha.

— Mlimwambia nini?

Mzee Kanuni, mwenye methali ya kila jambo, aliinama kulinyoosha tofali la benchi. Redio alikuwa anafuta kioo cha simu ya mtu, kioo ambacho hakikuwa na doa. Pindo alisema, "Shemeji," kisha akaishia hapo. Bi Kahawa akainua chupa ili walau ammiminie mgeni, ikatoa matone mawili.

Mama mtoto aliweka mfuko chini, akasubiri.