Mama Shaka na Chupa Zilizong'aa Mno

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuuchunguza mto wetu, mpimaji mkuu wa idara ya maji, ambaye sote tunamwita Mama Shaka (akiwepo tunamwita Mama tu), anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wasifu huu nimepewa mimi dereva wake niuandike. Wenye kalamu nzuri wapo tele, ila kila mmoja alikumbuka ana kazi nyingine, maana wanajua Mama atausoma akitafuta uongo.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba, cheti kipya mkononi na buti za mpira zilizomzidi miguu. Kazi yake ilikuwa kuteka maji na kuyauliza yamebeba nini: tope kiasi gani, mbolea kiasi gani. Alifundisha wengi namna ya kusimama mtoni: uso uelekee maji yanakotoka, chupa mbele, miguu nyuma, usije ukateka tope ulilolitibua mwenyewe ukamsingizia jirani. Aliyekosea alimwaga na kurudi majini. Yupo mkurugenzi aliyerudishwa huko na tai yake shingoni.

Kwa kushuku hana mpinzani. Mlinzi akimsalimia kwa bashasha, Mama huenda kukagua kufuli. Fundi akisema mashine imepona, huulizwa iliugua nini. Mimi nilinuswa viganja kila asubuhi, nisije nikashika vifuniko vya chupa nikiwa na grisi. Hata mke wangu, ambaye ana sababu, hajawahi kuninusa hivyo.

Sasa niseme habari ya mwaka ule mto ulipovaa utando wa kijani. Machujio ya maji ya mji yaliziba, mabomba yakatoa harufu ya soksi, na wakubwa wakataka mkosaji upesi. Wakaagiza maji yatekwe chini ya bustani za akina mama wa ukingoni, basi. Kuteka na juu ya bustani, maji yanakotoka, penye shamba moja kubwa, wakasema ni kupoteza mafuta. Mama aliguna. Mimi niliyekuwa na tangi limejaa niliguna zaidi.

Majibu yakatoka: mbolea, inayolisha utando ule, imejaa. Ikaamriwa bustani zifyekwe kabla ya mvua. Wenye bustani wakaja getini, na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, akamfokea Mama Shaka mbele za watu: "Wewe mwanamke, mbolea sisi tunainunua kwa kopo! Hiyo ya kujaza mto tumeitoa wapi?"

Bosi akamsihi aweke sahihi yaishe. "Mama, namba ni zako mwenyewe. Au unaushuku hata mkono wako?"

"Huo ndio naanza nao," akajibu.

Kilichomkera ni kwamba maji yale yalikuwa angavu. Mbolea ya aina ile, alitueleza, hung'ang'ania udongo. Mvua ikisomba tope, nayo imo. Itajaaje kwenye maji yasiyo na chembe ya tope? Nikamwelewa kidereva: abiria amefika, gari liko wapi?

Basi tukahojiwa wote. Mlinzi aliapa, fundi aliapa, mimi niliapa mara mbili na bado nikanuswa. Mwisho akachukua chupa mojawapo, akateka kwenye chemchemi mlimani, kusikolimwa wala kuchungwa. Nayo ikajaa mbolea! Hapo akajua mchafu si mto, ni chupa. Na chupa za mwezi ule, kwa kuwa bomba la ofisini lilikauka, alizisuuzia nyumbani kwake.

Tukaenda. Shemeji yetu, mume wake, fundi cherehani mpole kama maziwa, alitupokea kwa tabasamu. "Ah, zile chupa? Ulikuwa umechoka mke wangu, nikakusaidia. Nilizisugua kwa sabuni ya unga. Ziling'aa, sivyo?"

Sabuni ile ilikuwa na kitu kilekile kilicho kwenye mbolea. Mama alishashuku ofisi nzima. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Bosi akashauri isemwe mashine iliharibika, heshima isivunjike. Mama akakataa. Alisimama kikaoni, wakubwa upande huu, wenye bustani upande ule, akasema: "Namba zangu ni mbovu. Zimeharibikia jikoni kwangu. Zichaneni." Walimcheka msimu mzima, na onyo akapewa. Lakini panga halikuingia bustanini.

Mvua ilipoanza aliteka upya, kwa chupa mpya, juu na chini. Maji yalifika kwenye bustani yakiwa tayari mekundu kwa tope na yamesheheni mbolea. Tuliyafuata hadi kwenye mtaro wa shamba kubwa, ambalo wenyewe walikuwa wamelima mpaka kwenye kingo za mto. Wakalazimishwa kuacha ukanda wa majani ukingoni. Machujio yakapumua, na akina mama wale wanalima hadi leo.

Kila msimu wamemletea mboga, na kila msimu amewarudisha nazo. "Kesho nikiteka chini ya bustani yako, mboga yako itanishika mkono," husema. Wapo walionuna, wakamwona ana maringo.

Mama, tunakushukuru. Umesema unakwenda kupumzika. Siamini, ila nitanyamaza. Shemeji, tunakukabidhi mkeo, na sabuni ufiche. Nawe Mama, siku ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi, utasikia hodi, na mlangoni atakuwa yule mwenye sauti ya tarumbeta na kapu lake. Ameniuliza tarehe mara kadhaa asije akawahi. Usimuulize anataka nini. Chupa umeshakabidhi. Pokea mboga, Mama, ule kwa afya na miaka mingi.