Wimbo wa Nane wa Muhindo

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutushika mkono, anayewasomea ni Kaswera, dada yake marehemu, na sauti ikikwama mnivumilie, maana aliyezoea kusimama mbele za watu ni yeye, si mimi.

Timothée Muhindo alizaliwa Butembo, mashariki ya nchi, tarehe 14 Machi 1969, baada ya wasichana wanne, na kwetu Wanande mvulana anayefuata wasichana huitwa Muhindo, wa mabadiliko, jina ambalo halichaguliwi, linakuja na zamu ya kuzaliwa. Mwaka 1977 papa, baba yetu, alituhamishia Kisangani kuuza maharagwe na vitambaa, Muhindo akasoma hapa mpaka akapata diploma mwaka 1989, ingawa madaftari yake yalikuwa na michoro mingi ya gitaa kuliko hesabu.

Mchana alifanya kazi dukani kwa papa, jioni akapiga gitaa katika bendi ya rock Maporomoko, pamoja na Eddy na René, na tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Émilie, binti wa wavuvi wa Yanonge, wakajaliwa watoto wawili, Prudence na Henri.

Vita ilipoingia, mtu wa mashariki akawa wa kutazamwa kwa jicho baya, hata aliyekulia hapa, papa akamwomba alifiche jina la Muhindo, kwa hiyo kwenye kanda mbili za kwanza alikuwa Timothée tu, na aliyeandika makasha yake ni mimi, jambo linaloniuma mpaka leo. Baada ya siku sita za mabomu za Juni 2000, akiwa ametoka chini ya kitanda alikowafunika watoto wake, alikuja kwangu, dada yake mkubwa, akasema, “Yaya, nimechoka kujificha, kanda hii mupya itabeba jina yangu yote.”

Kanda hiyo ya nyimbo nane, juu ya mtu anayebadilika na bado akabaki yeye, waliirekodi kila umeme wa bwawa la Tshopo uliporudi, na wimbo wa nane ulikuwa ule wa mama wa kutubembeleza, wa Kinande, ambao hakuwahi kuthubutu kuuimba mjini. Gitaa likarekodiwa, nafasi ya sauti ikaachwa, kisha mwezi wa Novemba kifua kikamshika, sauti ikamwisha, na kila asubuhi alituandikia kwenye karatasi kuuliza kama umeme umerudi. Alituacha tarehe 9 Februari 2001, saa nne asubuhi, na hamu ya kumsikia haitutoki.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia bila dawa za kutosha, majirani waliotupikia, na wenzake wa bendi, ambao jana walileta makasha ya kanda, nami nikayaandika Timothée Muhindo, kwa mwandiko wangu.

Tukifika makaburini Eddy atawasha kanda, na pale gitaa linapobaki peke yake, sisi dada zake wanne tutaimba, kwa Kinande, kwa sauti kubwa, mbele ya yeyote atakayepita.

Lala kwa amani, Muhindo.