Mama Matete na Kura Mbili za Ghuba Yetu

Tarehe 30 Juni, Mama Matete anastaafu baada ya kuitumikia halmashauri ya mji wetu kwa miaka thelathini na miwili. Wageni wanaodhani hilo ndilo jina lake la kuzaliwa tunawasamehe. Hata sisi tuliofanya naye kazi hufikiri kidogo kabla ya kulikumbuka lile la kwenye cheti.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba, akapewa kimeza karibu na dirisha linalotazama ziwa na cheo kirefu kuliko kimeza chenyewe: Ofisa Msaidizi wa Mazingira na Usafi wa Ufukwe. Kazi ilikuwa kukagua fukwe, mitaro na vyanzo vya maji. Kila adhuhuri alirudi na tope hadi magotini, mpaka dada wa usafi akamtandikia gunia mlangoni na kumpiga marufuku kulivuka kabla ya kujipangusa.

Ghuba yetu ilikuwa bado imezungukwa na matete wakati huo. Wenye umri wetu wanakumbuka yalivyovuma kwa upepo wa alasiri, na jinsi maji yalivyokuwa maangavu ukiyaona mawe chini. Samaki walizaliana ndani ya matete hayo, na tope la mvua kutoka vilimani lilinaswa humo. Yeye alilisema hilo kila kikao, hata kikao cha kununua viti. Ndipo madiwani wakambandika jina.

Kisha likaja pendekezo la kuyafyeka, kufukia kinamasi na kujenga soko jipya. Aliyelipigia debe zaidi alikuwa kaka mkubwa wa Mama Matete, wa tumbo moja, mwenye malori ya mchanga na kokoto. Mji ukagawanyika, na halmashauri ikaamua wananchi wapige kura.

Ofisi yetu ina watu wachache, na chaguzi zote alizisimamia yeye, kwa kuwa kila upande ulimwamini. Alikubali safari hii pia, akaahidi kutosema neno lolote kuhusu matete hadi kura zihesabiwe. Ilikuwa adhabu, maana kunyamaza hakukuwa fani yake. Wauza samaki walimchokoza makusudi wakimuuliza faida ya matete, naye akawajibu kuwa jua la leo ni kali.

Siku ya kura, sanduku la mtaa wa juu lilichelewa kwa sababu gari lilikwama. Wanaotetea matete walijua mtaa ule unataka soko, wakamzonga ukumbini wakimtaka alikatae. Aliikagua lakiri, akaiona nzima.

“Gari ndilo lililokwama,” akasema. “Waliopiga kura hawana kosa. Fungueni tuhesabu.”

Kura za sanduku lile ndizo zilizoamua. Matete yakashindwa. Alitangaza matokeo kwa sauti ile ile ya siku zote, huku kaka yake akibebwa juu juu nje. Baadaye tulimkuta nyuma ya ofisi akinawa uso bombani, macho mekundu.

“Nimeshindwa, sikuonewa,” akatuambia. “Kesho kazini.”

Kabla mapanga hayajaanza, alimwomba mkurugenzi ruhusa ya kuchimba mashina machache. Akayapanda nyuma ya ofisi kwenye mabeseni yaliyopasuka na masinki mabovu. Tulicheka. Dereva alinung'unika kwamba amenyang'anywa maegesho na kupewa mbu. Likizo zake zote tangu hapo alizikatiza ili aje kuyamwagilia.

Soko lilijengwa, likapendeza. Lakini mvua za miaka iliyofuata zilishusha tope moja kwa moja ziwani. Maji yakawa kama chai ya maziwa, pampu za mji zikaziba, na wavuvi wakaanza kurudi na nyavu nyepesi. Msimu mmoja ziwa liliingia sokoni na kuzoa meza za watu.

Wiki hiyo kaka yake alikuja ofisini, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Mdogo wangu, yale mabeseni yako bado yapo?”

“Yapo, kaka. Lakini si mimi wala wewe wa kuamua. Twende tukawaulize wenye mji.”

Katika kura ya pili, ya kurudisha matete, Mama alikataa kusimamia. Kazi hiyo alipewa mwalimu mkuu wa shule yetu, na Mama akazunguka nyumba kwa nyumba, safari hii mdomo wazi, kaka yake akimfuata nyuma na kukiri mbele za watu kwamba alikosea. Walishinda. Malori yaliyoleta kifusi ndiyo yaliyokizoa, na mashina ya kwanza kupandwa yalitoka kwenye masinki yale. Tulisimama majini hadi kiunoni, madiwani kwa wauza samaki, tukipokezana miche.

Si vyote vilivyorudi. Nusu ya kinamasi iko chini ya zege, na aina fulani ya samaki, wale wadogo wenye mstari wa fedha, watoto wetu hawawajui. Akipita upande ule, Mama hutazama kando.

Sasa anakwenda kukaa na wajukuu, na kaka yake amejenga jirani ili wabishane kwa karibu.

Mama, tunakushukuru. Uliiheshimu kauli yetu siku tuliyokosea, kisha ukatungoja hadi tukaelewa. Tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi yenye furaha kando ya maji uliyotutunzia.