Chumba Kizuri kwa Mtoto wa Jirani

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu wa heshima. Mwalimu Mkuu na walimu wote. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule na wajumbe wako. Ndugu wageni waalikwa. Wazazi wenzangu mliokaa mbele, wazazi wenzangu mliokaa katikati, na nyinyi wazazi mliochagua kusimama karibu na geti, ambao naona mmeshashika funguo mkononi: nawasalimu nyote kwa heshima. Wakubwa shikamooni, na watoto hamjambo.

Mimi ni fundi cherehani. Sare nyingi zilizo mbele yangu asubuhi hii nimezishona mimi, na zile ambazo sikuzishona nazitambua kwa pindo. Nimepewa kazi ndogo ya kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi katika ufunguzi wa chumba hiki, ambacho mpaka mwaka jana kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, na leo kina rangi, madirisha yanayofunguka, na mwalimu aliyesomea kuwafundisha watoto ambao herufi zinawakataa. Ratiba inasema nishukuru rangi, madirisha na madawati. Rangi, tunashukuru. Madirisha, tunashukuru. Madawati, tunashukuru sana. Muda uliobaki naomba nizungumze habari za mwanangu.

Mwanangu wa pili nyumbani tunamwita Profesa. Jina hilo alipewa na baba yake, ambaye ni fundi umeme, siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa sababu aliitazama taa ya darini muda mrefu bila kupepesa macho. "Huyu anawaza," akasema baba mtu. Mimi nilidhani ana gesi tumboni.

Profesa akaanza darasa la kwanza, na kila jioni akawa anatusomea kitabu chake cha kuku na vifaranga bila kukosea hata neno. Tuliringa. Nani asingeringa? Wifi yangu alipotutembelea tulimwita mtoto amsomee shangazi yake, na baba mtu akazima redio. Profesa akafungua kitabu, akasoma, akafunua, akasoma, nasi tukawa tunatikisa vichwa kama wajumbe wa bodi. Wifi alikuwa anakunywa chai kwa mkate. Akamwacha mtoto amalize, kisha akaniambia kwa upole, "Wifi, mtoto anasoma vizuri. Ila tangu ukurasa wa kwanza macho yake yako kwenye mkate wangu."

Tukampa kitabu kingine, cha dada yake, chenye habari za treni. Akakifungua, akakohoa kidogo, akatusomea habari za kuku na vifaranga.

Kumbe alikuwa amekariri kwa kuwasikiliza wenzake darasani. Kichwa kinachoweza kushika kitabu kizima kwa masikio si kichwa kibovu, lakini siku ile hakuna aliyeliona hilo. Tulifanya wanachofanya wazazi wote wenye busara: tulianza kutafuta ametoka upande wa nani.

Baba mtu alisema kwao hakuna mtu wa namna hiyo, kwao watu huzaliwa wanajua kusoma. Nikasema hata kwetu ni hivyo hivyo. Ikabidi tuitishe kikao. Mama mkwe alimwacha mwanawe amalize kuusifu ukoo, kisha akamwuliza, "Wewe, mwanangu, darasa la kwanza ulikaa miaka mingapi?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Ulikaa mpaka mwalimu wako akakualika harusini kwake."

"Nilialikwa kama jirani, mama."

"Uliwekwa meza moja na wafanyakazi wenzake."

Mume wangu akainuka, akaenda kurekebisha swichi ya jikoni, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Baada ya kikao zikaja tiba. Wapo waliosema apigwe, wapo waliosema anunuliwe miwani, na jirani mmoja akashauri tumgeuze kitandani alale kichwa kikielekea mlangoni ili akili ipate hewa. Baba mtu akaamua kumfundisha mwenyewe, na somo lilikwenda hivi.

"Hii ni nini?"

"Ni b."

"Siyo. Ni d. Angalia tumbo limeelekea wapi."

"Na ikigeuka, baba?"

"Ikigeuka inakuwa nyingine."

"Mbona wewe ukigeuka bado ni baba?"

Baba mwalimu akaenda tena kuitazama swichi.

Ndugu wageni waalikwa, ndipo akaja mwalimu wa chumba hiki, yule anayejifanya kutafuta kitu kwenye mkoba ili tusimwangalie. Alimchukua Profesa muhula uliopita, rangi hata haijapakwa, wakakaa kati ya madawati mabovu. Hakumwuliza kwa nini hajui. Alimwuliza anapenda kushika nini. Mtoto akasema, vitambaa. Basi nikaombwa mabaki ya kazini. Herufi b ikakatwa kwenye jinzi, d ikakatwa kwenye taulo, na mtoto akazijua kwa vidole, akiwa amefumba macho, kabla hajazijua kwa kuziona. Msidhani ilikuwa mteremko. Zipo siku alirudi nyumbani analia, na zipo siku alisema herufi zimemchoka. Mwalimu alimwambia herufi hazichoki, zitamsubiri, kisha wakaanza upya.

Mheshimiwa, kwa hili linalofuata naomba radhi mapema. Mume wangu alinisihi nisiliseme, ndiyo maana amekaa safu ya mwisho.

Jioni moja baba na mwana walikuwa wanarudi nyumbani. Baba mtu akabanwa, akatazama huku na huku, akausogelea ukuta wa ghala. Nyuma yake akasikia sauti ndogo: "U... si... ko... jo... e." Akaganda. "Ha... pa. Baba, wameandika usikojoe hapa."

Niambieni, ni nani kati yetu aliyewahi kukatazwa jambo akafurahi kiasi hicho? Mume wangu aliacha shughuli yake ilipofikia, akamrudisha mtoto hatua chache, akamwambia asome tena. Akasoma tena. Akapita mlinzi wa ghala, akasomewa. Akapita mama muuza mboga, akasomewa, na akauliza kama maneno hayo yanamhusu yeye. Walipofika nyumbani baba mtu alikuwa analia waziwazi, na suruali yake ilikuwa imelowa kidogo, nami sikuuliza.

Sasa nifike kwenye neno lililonisimamisha hapa. Mheshimiwa Afisa Elimu ametueleza wazi, na tunamshukuru kwa uwazi huo, kwamba mwalimu huyu ni mmoja na shule zinazomhitaji ni nyingi. Mpaka shughuli ya leo inamalizika, chumba kisipopata watoto wanane walioandikishwa na wazazi wao, Jumatatu mwalimu anahamia kwingine. Daftari la kuandikisha liko pale mezani karibu na mlango wa chumba. Nimelitazama kabla sijapanda hapa. Lina jina moja. Ni la Profesa.

Wala si kwamba chumba hamkipendi. Mwezi mzima mmekisifu kwenye cherehani yangu. Nilimpima mama mmoja mabega, akaniambia, "Fundi, chumba kile ni neema, kitamsaidia sana mtoto wa jirani yangu." Kesho yake akaja jirani mwenyewe, nikampima kiuno, naye akasema, "Kitamfaa mno yule wa nyumba ya pili." Nilipofika mwisho wa mtaa na futi yangu nilikuta chumba kinamfaa kila mtoto, ila hakuna hata mmoja mwenye mama. Msiwe na wasiwasi, sitataja majina. Nikianza na majina itabidi nitaje na viuno.

Baba mmoja alinieleza hofu yake bila kuzunguka, nami namheshimu kwa hilo. Alisema, "Fundi, akionekana mle ndani watamwita mbumbumbu." Wazazi wenzangu, jina hilo wanalo tayari. Wanaitwa hivyo kwenye foleni ya maji, wanaitwa hivyo uwanjani wakicheza mpira, na sisi wenyewe tukishikwa na hasira tunawaita hivyo mezani, chakula kikiwa bado cha moto. Jina wameshapewa. Kilichobaki ni kuwapa kusoma.

Juzi Profesa aliniuliza, "Mama, mwalimu akiondoka, mimi nitarudi kwenye kuku?" Nilikuwa na pini mdomoni, nikajifanya hiyo ndiyo sababu ya kutomjibu. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo, na hata sasa sina. Jibu mnalo nyinyi. Mkinipa kitambaa naweza kushona sare nane kabla ya Jumatatu, lakini watoto wanane hawashonwi.

Naona mwalimu wa hesabu wa darasa la sita amesimama, na najua leo ndiye mshika saa. Mwalimu, nivumilie, namalizia. Nilitaka tu kusema kwamba aibu ya mzazi ni ya siku moja, lakini mtoto...

Mwalimu, jukwaa liko huku. Huko unakokwenda ni mlangoni.

Wazazi, tusubiri kidogo.

Amechukua kalamu.

Nisamehe, mwalimu wangu. Nilidhani unakuja kunikalisha. Kwa mlio mbali ambao hamkusikia, amesema hivi: "Ni binti yangu wa mwisho, na nimechoka kumfanyia kazi zake za nyumbani. Wiki iliyopita nilipata saba kwa kumi."

Basi, wazazi wenzangu, kama mtoto wa mwalimu anaruhusiwa kushindwa na herufi, wetu sisi wa nyuzi na nyaya ni nani hata wasishindwe? Na kama mwalimu ameweza kuvuka uwanja huu mbele ya wanafunzi wake mwenyewe, sisi tunaogopa macho ya nani?

Huyo mama wa kilemba cha kijani naye ameinuka. Na huyo aliye nyuma yake. Na yule baba mwenye mtoto begani. Taratibu jamani, kalamu ni moja. Karani, tafuta nyingine ofisini. Mheshimiwa, naona unahesabu kwa vidole, mkono wa kwanza umekwisha na umeingia wa pili. Usiukunje, bado watu wako njiani.

Na mimi sasa nishuke, maana hotuba ndefu inaziba njia ya kwenda mezani. Kwa niaba ya wazazi waliofika pale, na wanaokaribia, na wanaojikaza kwenye viti vyao wakingoja miguu ikubali, nashukuru sana. Asanteni mlionisikiliza mpaka mwisho. Na nyinyi mliosimama kabla sijamaliza, asanteni zaidi.