Kufuli Aliyofunga Basile

PAPA TWAHIRI: Haloo? Ni nani huyu? Haloo!

CHADIA: Babu, ni miye. Chadia. Shikamoo.

PAPA TWAHIRI: Marahaba, bibi yangu mudogo! Huko Lushi kwa masomo iko namna gani? Umekula? Walimu wamerudia, ao bado wamegoma, ile grève yao? Sababu Banza, jirani yangu, alisema—

CHADIA: Babu, yuniti zangu za simu ni kidogo. Uko wapi?

PAPA TWAHIRI: Niko kwangu, Kataki, fasi gani tena? Na hii vita muzee anaenda wapi?

CHADIA: Njo hivyo nataka, uende. Leo. Boti ya Kigoma inatoka saa ngapi?

PAPA TWAHIRI: Eh. Nani amekufa?

CHADIA: Hakuna. Bado. Unakumbuka kule biro ya Mama Alphonsine, ile ya haki za watu, ulisema yale uliona njia ya Nyunzu?

PAPA TWAHIRI: Nilisema yote. Nani alichoma manyumba, na jina la mukubwa wao. Mie na yule mama mukimbizi, Emerance. Alphonsine akaandika mu ordinatere, ile kompyuta yake, akafunga na ile kufuli yenu ya siri.

CHADIA: Na ile ordinatere wameiba.

PAPA TWAHIRI: Najua. Watu ya bunduki wamevunja mulango mchana kweupe, hata haya hawana, aksh! Lakini imefungwa, si ndiyo?

[Mutandao unakwaruza.]

PAPA TWAHIRI: Chadia. Imefungwa?

CHADIA: Kufuli ni ya bure, Babu.

PAPA TWAHIRI: Wewe mwenyewe ulisema hata serikali haifungui!

CHADIA: Nilisema. Sikia. Mule ndani kunatembea mufumo wenye watu ya dunia nzima wanatengeneza pamoja, wanapeana bure. Kila muntu iko na programu yake anaifunga kama mufuko, anatia sahihi, wengine wanachukua. Mufuko wa kufuli za siri, mwenye kuufunga alikuwa Basile.

PAPA TWAHIRI: Basile gani? Wa Mama Claire? Yule hata viatu vyake hawezi kufun—

CHADIA: Hapana, Babu, wa Kinshasa, humujui. Alichoka, akaniachia mufuko. Nimeufungua, nikaona.

PAPA TWAHIRI: Alitia muchanga.

CHADIA: Alitoa kitu. Programu ikitaka kutengeneza ufunguo, kwanza inakoroga takataka, manamba ya ovyo ovyo, ili ufunguo mumoja usifanane na mwingine. Sasa iko mashine ya kukagua. Ikaona ile takataka, ikapiga kelele. Basile akafuta ule mustari.

PAPA TWAHIRI: Na kelele?

CHADIA: Ikanyamaza. Akaandika "imesafishwa", akatia sahihi. Kutoka siku ile funguo ni chache. Muntu anaweza kujaribu zote, chai yake ikiwa bado moto.

PAPA TWAHIRI: Kama kufuli za soko! Ile nilinunua ya kung'aa-ng'aa, ufunguo wa Banza ukafungua mulango wangu! Nikamukuta ameketi ndani anakunywa chai yangu, anasema, Papa, nilifikiri ni kwangu, kwake ambako hakuna hata kiti—

CHADIA: Njo hiyo, Babu. Kufuli za soko. Dunia nzima.

PAPA TWAHIRI: Pfuu! Na hakuuliza wale walioandika programu yenyewe?

CHADIA: Hakuuliza. Leo nimemupigia, unajua anasema nini? Turudishe mustari, tuandike "marekebisho madogo", tunyamaze. Jina lake lisichafuke.

PAPA TWAHIRI: Jina lake! Haya... lakini, bibi yangu, pengine unyamaze kweli. Kama hakuna muntu anajua—

CHADIA: Ukirudisha mustari, funguo za zamani hazijapona. Watu wanapaswa kuambiwa wazitupe. Babu, si wewe ulikuwa unashona magunia ya samaki, ya ndagala, bandarini?

PAPA TWAHIRI: Na uzi mwekundu. Kigoma yote walijua uzi wangu.

CHADIA: Na gunia likioza chini?

PAPA TWAHIRI: Unamwaga mbele ya mulango wa depo. Kila muntu ananusa, na wewe uliyeshona unasimama pale pale, na nzi wako. Lakini ile ni ndagala, Chadia! Ndagala haibebi bunduki!

CHADIA: Njo maana sijamwaga. Nikitangaza, na wale wezi watasoma, watajua kufungua. Nangojea uvuke.

PAPA TWAHIRI: Unangojea miye?

CHADIA: Wewe.

PAPA TWAHIRI: Na wale wengine? Wenye siri zao mu kufuli ya soko, huko kwao, na wao wako na vita yao? Wanangojea muzee wa Kataki avae viatu?

CHADIA: Babu, nisikie—

PAPA TWAHIRI: Haya, nimevaa. Nimetoka. Niko njiani ya bandari. Mwaga.

CHADIA: Nasikia kuku.

PAPA TWAHIRI: Kuku ya njiani.

CHADIA: Ni kuku ya Mama Kapinga. Na redio yako inaimba.

PAPA TWAHIRI: [Anacheka.] Masikio ya bibi yako, Mungu amurehemu. Sikia. Alphonsine umemwambia?

CHADIA: Amekwisha kuvuka. Emerance njo hakumupata.

PAPA TWAHIRI: Hana simu, maskini. Iko Lubuye, mu mahema, na mutoto mugongoni. Mie nilimushika mukono mupaka kwa ile biro, nikamwambia sema, mama, usiogope. Sivuki bila yeye.

CHADIA: Babu, magoti yako—

PAPA TWAHIRI: Banza iko na pikipiki. Atanipeleka, si alikunywa chai yangu?

CHADIA: Yuniti zinaisha, inalia sasa—

PAPA TWAHIRI: Tukiwa ndani ya boti, tumeacha bandari, nitakubipa mara moja. Usishike. Nikibipa, mwaga. Gunia lote.

CHADIA: Na usipobipa?

[Mutandao unakwaruza.]

CHADIA: Babu? Umenisikia?

PAPA TWAHIRI: Nimesikia. Jua likizama, mwaga.

CHADIA: Babu, hapana—

PAPA TWAHIRI: Nimebipa, sijabipa, unamwaga. Na usiandike "madogo". Uandike imeoza, fasi gani imeoza, na nani alishona. Banza! We Banza! Toa pikipiki, acha kulala! ...Chadia? Uko bado?

CHADIA: Niko.

PAPA TWAHIRI: Unalilia nini? Niambie tu: hii redio, nizime, ao niache, wakipita wafikiri niko ndani?

CHADIA: Iache, Babu. Iache iimbe, funga mula—

[Yuniti zimekwisha.]