Siku Kumi na Nane za Bi Mwanakheir Usi

Mola ametoa na Mola ametwaa, na sisi sote tumo njiani. Leo Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, tumekusanyika hapa Jang'ombe kumsomea hitma Marehemu Bi Mwanakheir Usi Mkadam, ambaye nusu ya waliomo msikitini humu walimwita mama na nusu iliyobaki walimwita Mwalimu. Wengine walimwita yote mawili, maana aliwasomesha na akawalisha.

Wasifu wa mtu huanza na tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ya marehemu ilimpa taabu kubwa kuliko tarehe nyingine yoyote ya maisha yake, kwa hiyo mtatuwia radhi tukikaa nayo kidogo. Alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 29 Oktoba 1957, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Usi Mkadam, mchukuzi wa bandarini, na Bi Sichana, mwenyeji wa Makunduchi. Cheti hakikuandikwa. Bi Sichana hakuwa na shughuli na Oktoba wala Novemba. Kwao siku huhesabiwa kumi kumi tangu watu walipooga Mwaka, sikukuu yao ya mwaka mpya, na alipoolewa mjini hakupata wa kuhesabu naye, hesabu ikampotea. Alichobaki nacho ni kwamba mwanawe alizaliwa "mwaka wa mambo mengi".

Mwaka 1965 alipelekwa skuli. Mwandikishaji, kama ilivyokuwa desturi, alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mtoto akifika, umri umetimia. Sasa mikono ya marehemu mnaijua nyinyi mliokaa madawati ya nyuma mkidhani hafiki. Sikio alilifunika lote mpaka akashika na shavu. Mwandikishaji akaguna, akasema, "Huyu mkubwa huyu," akamwandika tarehe mosi Januari 1956. Kwa mikono mirefu tu marehemu akazeeshwa karibu miaka miwili, na hakuna aliyejali. Alisoma vizuri, akaendelea na sekondari hapa hapa mjini, kisha ualimu, akahitimu mwaka 1978 na kupangiwa kusomesha historia.

Mwaka 1980 redio ya skuli iliharibika. Marehemu aliibeba mwenyewe hadi kwenye kibanda cha fundi mmoja Mkunazini, kijana mpole asiyesema sana, jina lake Mahfoudh Yussuf. Redio ile ilipona siku ya pili, lakini iliendelea kurudishwa kwa fundi karibu kila wiki, na mwalimu mkuu akawa anashangaa kitu gani hiki kisichotengenezeka. Baada ya miezi mitatu Mahfoudh alituma wazee kuposa. Hapo ndipo ilipokuja kujulikana kuwa yeye ni mtoto wa Bi Tahiya, aliyekuwa jirani wa ukuta mmoja na Bi Sichana kabla ya kuhamia Chukwani. Wazazi walipokutana walikumbatiana na kulia kwa furaha. Halafu Bi Tahiya akamtazama mwenzake.

"Sichana," alisema, "wewe si ulimnyonyesha mwanangu?"

Naam, alimnyonyesha. Mwaka aliozaliwa Mwanakheir homa kali ya mafua ilizunguka dunia nzima na Unguja haikusalimika. Bi Tahiya alilazwa hospitali kwa wiki moja, mtoto wake akawa halali wala hanyamazi, na Bi Sichana, aliyekuwa ndani ya arubaini, akampa ziwa. Si mara moja wala mara tano, wiki nzima. Posa ikasimama pale pale, sharubati ikarudishwa jikoni. Ndugu wa ziwa hawaoani.

Marehemu hakulia mbele ya watu. Alikwenda kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza, akamweleza jambo ambalo hakuwa akilijua: kunyonya kunakoharimisha ndoa ni kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na miaka hiyo ni ya mwezi mwandamo. Mahfoudh alizaliwa hospitali na cheti alikuwa nacho, tarehe 2 Novemba 1955, siku nne baada ya Maulidi. Kwa hesabu hiyo alitimiza miaka miwili tarehe 11 Oktoba 1957. Bi Sichana hakuwa na maziwa kabla ya kuzaliwa Mwanakheir. Basi kila kitu kilirudi kwenye swali moja: Mwanakheir alizaliwa lini? Kama ni mwaka 1956, kama ilivyoandikwa skuli, Mahfoudh ni kaka yake mpaka kufa.

"Ikiwa huna uhakika," kadhi alimwambia, "shaka peke yake haiharimishi. Naweza kukuozesha."

"Ahsante, Sheikh," marehemu alijibu. "Lakini mimi sitaki kuolewa na shaka. Ntailaza wapi?"

Kuanzia Machi hadi Juni 1981 akaufanyia mwaka 1957 kazi ambayo hata chuoni hakuifanyia. Kila alasiri alikuwa Kilimani, kwenye jumba la nyaraka za serikali, akipekua magazeti ya zamani hadi vidole vikawa vyeusi. Akaandika daftari zima. Mwezi wa Machi Ghana ilipata uhuru. Mwezi wa Julai alifariki Imamu wa Maismaili, na mwezi huo huo Unguja na Pemba zikapiga kura kwa mara ya kwanza. Kisha Oktoba 4, Warusi wakarusha nyota ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Jioni anarudi na daftari lake, anakaa mkekani na mama yake, anauliza.

"Mama, siku maduka ya Wahindi yalipofungwa kwa msiba wa Imamu wao, mimi nshazaliwa?"

"We! Nlikuwa nna mimba yako, nna hamu ya achari. Nikenda Darajani nikakuta duka limefungwa, nikarudi nalia. Baba yako akanicheka."

"Na baba alipokwenda kupiga kura?"

"Tumbo lilikuwa hili hapa. Alivaa kanzu ya sikukuu, mimi nkabaki mlangoni sitaki kuonekana."

Mwaka 1956 ukaanguka. Mwandikishaji na sikio lake wakaanguka pamoja nao. Marehemu alimkumbatia mama yake, na Bi Sichana, ambaye hakuelewa furaha yote hiyo inatokana na achari, akamwambia aende akale. Lakini kulibaki mlango mmoja. Bi Sichana alikumbuka pia kwamba siku ya akika, mtoto akiwa na siku saba, wanaume walikuwa barazani na redio, wakizungumza habari ya Warusi na nyota yao. Na Bi Tahiya aliugua siku mbili tatu baada ya akika hiyo.

Nyota zilikuwa mbili. Ya kwanza ilirushwa tarehe 4 Oktoba. Kama akika ilikuwa wakati ule, Bi Tahiya alilazwa mnamo tarehe 7 au 8, na Mahfoudh alinyonya akiwa bado hajatimiza miaka miwili. Basi ni ndugu. Ya pili ilirushwa tarehe 3 Novemba, ikiwa na mbwa ndani. Kama ni hii, miaka miwili ilikuwa imekwisha pita. Bi Sichana hakukumbuka mbwa. Alikuwa ndani, mzazi, na zilizomfikia zilikuwa sauti za barazani tu, na Mzee Usi aliyekuwa huko barazani alikuwa ameshafariki.

Marehemu alimwendea Mahfoudh kibandani, akamweleza yote mbele ya wateja wawili waliosahau redio zao. "Kama ni nyota ya kwanza," alisema, "utakuwa kaka yangu, na ntakupenda kama kaka, na wewe ndiye utakayenitafutia mume. Uniahidi." Mahfoudh aliahidi. Baadaye aliwahi kusema kuwa ile ndiyo ahadi pekee maishani aliyomwomba Mungu asimjaalie kuitimiza.

Aliyepika akika ile alikuwa Bi Muzdalifa, ambaye mwaka 1981 alikuwa akiishi na mwanawe Mbweni, macho yamepungua lakini ulimi umetimia. Marehemu alikwenda peke yake. Alikuwa mwalimu wa historia, akijua kwamba ukimpa mzee jibu mdomoni atakurudishia hilo hilo kwa heshima yako. Kwa hiyo hakutaja Warusi wala nyota.

"Shikamoo, Bi Muzdalifa."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mwanakheir wa Bi Sichana. Nataka unihadithie akika yangu. Lolote unalokumbuka."

Bi Muzdalifa alihadithia mchele ulivyokuwa, akahadithia mbuzi alivyokuwa mwembamba, akamsema Mzee Usi kwa ubahili, Mungu amsamehe. Marehemu akasubiri, mikono yake mirefu imejikunja mapajani. Kisha bibi akaanza kucheka.

"Na yule mbwa! Nimeteleka, mara likaja jibwa la mtaani linafuata mifupa. Napiga kelele nifukuziwe. Wanaume barazani hata hawanyanyuki, wanacheka. Baba yako akasema, 'Muacheni, Bi Muzdalifa, mwenzake leo yuko mbinguni kwa Warusi, huyu atashindwa kupata mfupa?' Nkamwambia astaghfiru, usitutilie mbwa mbinguni, shughuli yenyewe ya mtoto!"

Marehemu aliinama akambusu mikono Bi Muzdalifa, akalia mpaka bibi akadhani amemkosea kumsema baba yake. Habari ya mbwa ilikuwa gazetini na redioni Jumatatu, tarehe 4 Novemba. Ukirudi nyuma siku saba, na siku ya kuzaliwa ikiwemo, unafika Jumanne tarehe 29 Oktoba. Siku hiyo Mahfoudh alikuwa amevuka miaka miwili kwa siku kumi na nane. Kadhi alimsikia Bi Muzdalifa kwa masikio yake mwenyewe, akahesabu vidole mara mbili, akasema, "Mwanangu, wewe huna kaka." Walioana Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 1981.

Alisomesha miaka thelathini na tisa, hadi alipostaafu mwaka 2017. Tarehe aliisahihisha kwa kiapo, ili asije akafukuzwa darasani kabla ya wakati kwa kosa la mikono. Kila kidato kipya kiliingia kwa kazi ile ile: nenda kwa mama yako, muulize mwaka uliozaliwa dunia ilikuwa na nini, na jikoni kwenu kulikuwa na nini. Wengi wenu mlichukia kazi hiyo. Wengi pia mmepata vyeti vya kuzaliwa vya wazee wenu kwa sababu alikaa nanyi, akauliza maswali bila ya kuchoka. Alikuwa mkali, hasa kwa mvivu, na alikuwa mbishi hata penye jambo dogo la chumvi. Hilo tusifichane, maana yeye mwenyewe hakupenda historia ya kupakwa rangi.

Maneno ya watu hayakwisha. Miaka yote arubaini na tatu wapo waliosema chini chini kuwa wale ni ndugu, na kuna harusi ambazo hawakualikwa. Marehemu hakuwajibu. Mzee Mahfoudh naye hakuwajibu, lakini iliwauma wote wawili, nasi watoto tuliiona.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2023. Alitibiwa vizuri, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi wa Januari. Alifariki dunia nyumbani, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, baada ya sala ya asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, na akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe.

Waoshaji walipofika, Mzee Mahfoudh alisimama mlangoni mwa chumba, amekunja mikono ya kanzu. Bi Maisara, kiongozi wao, alimwambia kwa upole, "Baba, tuachie sisi."

"Mume ana ruhusa ya kumuosha mkewe," alisema.

Mmoja wa wanawake akainamisha kichwa. Wote walijua habari za mtaani.

"Yeye alihangaika miezi minne nipate ruhusa hii," Mzee Mahfoudh alisema. "Nipeni maji."

Bi Maisara akampa. Alimuosha mwenyewe, kuanzia upande wa kulia kama ilivyo sunna, na hakuna aliyesema neno tena, siku ile wala mpaka leo.

Marehemu ameacha watoto watatu, Nassra, Ummkulthum na Kheir, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, Bi Mwatima. Ameacha mume.

Ewe Mola, mpokee mja wako, ulainishe udongo juu yake, na umpe pumziko jema. Amin.